Ba Hakutaka Asante

Nyinyi wa nyumbani mlioko Mbooni mmeniuliza mara nyingi, tangu nilipoandikwa kazi ya udereva huku Nairobi, kama nimewahi kusafiri nikaona mambo. Nimefika Mombasa, nimefika Malaba, lakini safari iliyonitikisa zaidi haikutoka hata nje ya jiji. Ilianzia Baba Dogo ikaishia Mukuru kwa Njenga, mwendo ambao mtu mwenye miguu mizima huenda na kurudi kabla jua halijatua. Nilikwenda kwa sababu mama mmoja wa Kihindi alitaka kutenda jambo jema bila mtu yeyote kumshukuru, naye alihitaji lori.

Mama huyo tulimwita Ba. Ndivyo Wagujarati wanavyomwita mama, na sisi wafanyakazi tulilichukua jina hilo kwa kuwa ni fupi. Alikuwa mama yake Bwana Kanti, mwenye kiwanda cha ndoo na masufuria nilikokuwa dereva miaka hiyo ya themanini. Alikuwa mjane mwembamba wa sari nyeupe na miwani mizito. Alizaliwa Mombasa, na Kiswahili chake kilinyooka hata kikanitia woga. Changu cha Kariobangi, mtaa niliokuwa nikiishi, kilimuumiza. Nikisema "hizi viti," alifumba macho kama mtu aliyekanyagwa kidole.

Mvua za masika zilipoanza, habari zilienea kiwandani kwamba Ba anahamia Uingereza kukaa na binti yake. Kabla ya kuondoka alikuwa na haja moja. Maisha yake yote alikuwa ametoa sadaka kupitia watu wengine: mpishi alipeleka, mlinzi alipokeza, sahani zilipitishwa juu ya geti. Sasa alitaka kuwalisha watu wa mabanda ya Mukuru kwa mikono yake mwenyewe, mara moja tu, na asijulikane ni nani.

"Maandiko yetu yanasema mtu aifanye kazi iliyo wajibu wake kwa moyo wote," alituambia, "kisha asiyatazamie matunda yake. Na asante ni tunda. Nikiila, nimejilipa."

Bwana Kanti alisema ingefaa tumchukue mpiga picha. Ba alimtazama mwanawe mpaka Bwana Kanti akajikuta anafuta miwani yake isiyokuwa na vumbi.

Baba Dogo, Jumamosi asubuhi, tulipakia. Kulikuwa na sufuria mbili kubwa za wali na moja ya dengu, iliyojaa mpaka ukingoni, manjano na yenye kunukia hata wafanyakazi wa zamu wakatoka nje kuiaga. Mpakiaji wangu alikuwa Wekesa, mtu wa Bungoma, mwenye mwili wa watu wawili na hamu ya watu watatu, mwimbaji wa sauti ya chini kanisani kwao. Alikuja amevaa koti lake la Jumapili kwa sababu alikuwa amesikia neno "sherehe" mahali ambapo hakuna aliyelitamka.

Tulizifunga sufuria kwa kamba, Ba akaketi karibu na dirisha, Wekesa akajibana katikati, nami nikatia gari moto.

Barabara ya Outer Ring ilikuwa imelowa lakini inapitika. Tulipovuka Kariobangi, ambako mafundi wa jua kali walikuwa wameanza kugonga mabati, nilimwuliza Ba jambo lililokuwa likinisumbua.

"Ba, hiyo kazi iliyo wajibu wa mtu, nani anamwambia kwamba hii ndiyo yake?"

"Swali zuri," Ba akasema. "Maandiko yanataja makundi manne ya watu. La kwanza ni makuhani na wasomi. La pili, watawala na askari. La tatu ni wakulima na wafanyabiashara, na huko ndiko kwetu. La nne ni wale wanaowatumikia wengine kwa mikono. Kila kundi na wajibu wake."

"Na dereva?"

"La nne."

Nilibadilisha gia kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

"Na mpakiaji?" Wekesa akauliza.

"La nne."

"Basi tuko pamoja," Wekesa akasema kwa furaha. "Mutiso, karibu sana."

"Mimi nilidhani mpakiaji angekuwa wa tano," nikasema.

Ba hakucheka. Alitazama nje, kule ambako wanawake walikuwa wakitandaza nyanya juu ya magunia.

"Wako waliowekwa nje ya hesabu kabisa," alisema. "Nyumbani kwa baba yangu, Mombasa, mtu aliyetufagilia choo alikuwa Mhindi mwenzetu. Hatukumgusa. Akiwa na kiu, alikinga viganja vyake, akamiminiwa maji kutoka juu asije akakigusa chombo. Nikamwuliza baba kwa nini. Akasema ndivyo alivyozaliwa. Nilipokuwa mtu mzima nikayasoma maandiko mwenyewe, nikakuta yanasema Mungu aliyagawa makundi kwa tabia za watu na kazi zao."

"Kwa hivyo baba alikosea," nikasema.

"Baba aliyasoma maneno hayo hayo. Wako wasomi wanaosema ni kuzaliwa, wako wanaosema ni tabia, nao wamebishana tangu zamani. Mimi nimeshabishana nao wote moyoni mwangu, na kila mara nikawashinda. Lakini mpaka leo sijapata kula chakula kilichopikwa nje ya jikoni kwetu. Kichwa kimeshatoka, tumbo bado limo ndani."

Nilitaka kusema kitu kuhusu Ukristo. Kisha nikakumbuka viti vya mbele kanisani kwetu, vile vyenye mito, na watu wanaovikalia kila Jumapili, nikaamua kutazama barabara.

"Nilifikiri ni kama ngeli," Ba akaendelea, kwa kuwa hakuweza kukaa mbali na sarufi muda mrefu. "Kila neno lina ngeli yake, wala halihami. Kiti hiki, viti hivi."

"Ba, sisi Kariobangi tunachanganya ngeli zote," nikasema, "na mtu akiitwa bado anaitika."

Ba alinigeuzia kisogo akatazama dirishani. Wekesa alininong'oneza kwamba nimemkosea mama wa tajiri na kwamba nitafutwa kazi, na kama nikifutwa, je, anaweza kuchukua koti langu la mvua.

Tulipofika Donholm, Ba alinyoosha mkono mbele ya Wekesa akanigusa. "Mutiso, usisononeke na hilo kundi la nne. Unajua mafundisho haya yote yalitolewa wapi? Ndani ya gari la vita. Shujaa amefika vitani, akawaona jamaa zake upande wa pili, akakata tamaa, akaketi chini hataki kupigana. Aliyemfundisha maana ya wajibu ni Mungu mwenyewe. Na Mungu wakati huo alikuwa ameshika hatamu za farasi wake."

Nilipunguza mwendo. "Yaani Mungu alikuwa..."

"Mwendeshaji."

"Dereva!"

"Dereva."

Sijui niwaeleze vipi. Nilinyoosha mgongo, nikavaa kofia vizuri. Gari dogo lilinipita likinipigia honi, nami nikalisamehe kwa kuinamisha kichwa.

"Na utingo wake?" Wekesa akauliza.

"Hatajwi," Ba akasema.

"Nilijua," Wekesa akasema. "Maandiko yote ni hivyo hivyo."

Mukuru kwa Njenga tulifika adhuhuri, au karibu tufike. Ukipita viwanda vya Industrial Area, lami inakwisha bila kukuaga na unabaki na udongo mweusi unaoshika kitu usikiachie. Gurudumu la nyuma upande wa kushoto lilizama, lori likalala kama mtu anayesikiliza mlangoni, nasi tukasimama hapo.

"Tushuke tusukume," Ba akasema.

Wekesa alivua koti lake, akalikunja kwa heshima, akalilaza juu ya kiti, akashuka. Mimi nilibaki nimeshika usukani.

"Ba, kila mtu na wajibu wake," nikamwambia. "Wangu ni kuendesha. Umesema mwenyewe. Hata Mungu..."

Ba alivua viatu vyake, akapandisha sari, akaingia kwenye tope mpaka kwenye vifundo vya miguu. Akazunguka nyuma ya lori, nami katika kioo nikamwona anaweka bega lake jembamba kwenye mbao, kando ya bega la Wekesa lililokuwa kama gunia la mahindi.

"Mungu aliyekuwa dereva," akapaza sauti, "katikati ya vita aliwafungua farasi, akawaosha, akawanywesha maji! Shuka, Mutiso!"

"Na usukani nani ataushika?"

"Hauendi popote!" Wekesa akajibu. "Hata gari haliendi!"

Nilishuka. Niliweka bega upande uliolala, ule ambao hakuna aliyeutaka, nikidhani ndipo nitakapoonekana vizuri. Tulisukuma. Lori lilijikuna, likanyanyuka kidogo, likarudi. Kamba ilikatika. Sufuria mbili za wali zilijibana kwenye ubavu wa lori zikabaki. Ile ya dengu iliteleza pole pole, ikafika ukingoni, ikasita, halafu ikanimwagikia yote.

Haikuwa ya moto sana, nashukuru. Lakini ilikuwa nyingi. Niliposafisha macho niliona dengu inateremka njiani kama mto mdogo wa manjano, na mbwa wawili wanaikimbilia. Ba alikuwa amesimama na mkono mdomoni. Ndipo nilipoona uso wake umebadilika, ukawa wa mtu mzee kabisa.

"Nimeipika tangu alfajiri," akasema. "Basi. Haikuandikwa."

Wafanyakazi walikuwa wanatoka viwandani, maana Jumamosi kazi huisha mchana. Walikuja wengi, wakalisukuma lori mpaka likatoka, wakauliza hizo sufuria zinakwenda wapi, wakazibeba. Zilikwenda kwenye kibanda kilichokuwa karibu zaidi, cha Mama Atieno. Huyu alikuwa Mjaluo wa Siaya, mwanamke mpana mwenye sauti ya kuita gari moshi, aliyeuza chakula kwa watu wa viwandani. Alitutazama mmoja mmoja: Wekesa, Ba mwenye tope mpaka magotini, halafu mimi. Kwangu alikaa zaidi.

"Mmemwaga nini?"

"Dengu," nikasema.

"Yote?"

Nilijipangusa dengu shingoni.

"Na huu wali ni wa nani?"

"Wa kuwalisha watu," Ba akasema kwa sauti ndogo.

"Wali mkavu utawakwama kooni." Mama Atieno alifunua sufuria zake mwenyewe, moja ya maharagwe na moja ya sukuma wiki, alizopika kwa ajili ya biashara ya mchana huo. Alizitazama, akatazama watu waliokuwa wanajipanga, akavuta pumzi. "Leteni wali hapa."

"Mama, nitakulipa," Ba akasema.

"Nani amekuuliza? Shika huu mwiko. Usisimame hapo kama bendera."

"Asante sana, ma—"

"Asante utaniletea kesho. Leo watu wana njaa. Wewe gawa wali, mimi mboga."

Ba alishika mwiko.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo mambo yalipoharibika kwa namna nzuri. Watu walipita mmoja mmoja na sahani zao. Walimwona Mama Atieno, ambaye wanamjua, na kando yake wakamwona bibi wa Kihindi peku peku, amejaa tope, akifanya anavyoambiwa. Wakamchukulia kuwa ni msaidizi mpya.

"Manze, mama, ongeza wali," kijana mmoja wa kiwandani akamwambia. "Usiniwekee kama unaazima."

"Mama Atieno, huyu umemtoa wapi?" mwingine akauliza. "Ana mkono mfupi!"

"Ameanza leo," Mama Atieno akajibu bila kugeuka. "Mvumilieni. Wewe mama, jaza mwiko, si kuchota kama dawa!"

Nilishindwa kuvumilia. "Nyinyi watu," nikaanza, "huyu mnayemgombeza ndiye—"

Ba alinikanyaga kwa kisigino. Nikamtazama, na nawaambia ukweli, sijaona tena uso wa namna ile. Alikuwa anagombezwa na watu asiowajua, jasho linamtoka, miwani imeingia ukungu, naye anang'aa kama bi harusi. Akajaza mwiko mpaka ukafurika.

Baadaye alifika mwenyekiti wa kijiji, mzee mwenye fimbo na kofia ya kahawia. Hakuna mkusanyiko unaoweza kumpita mwenyekiti wa kijiji bila hotuba. Aliuliza nani ameleta chakula. Watu wakaangalia huku na huku. Bahati mbaya Wekesa alikuwa amelivaa tena koti lake la Jumapili, na katika umati ule wote alikuwa ndiye mtu pekee aliyefanana na mfadhili.

"Mheshimiwa," mwenyekiti akamwambia, akimshika mkono kwa mikono miwili, "tunakushukuru."

Nilingoja Wekesa aseme kuna makosa. Wekesa alikohoa, akafunga kifungo cha koti.

"Kwanza," akasema kwa ile sauti yake ya kanisani, "natoa shukrani kwa kushukuriwa."

Makofi yakapigwa. Alihutubia kuhusu umoja, kuhusu usafi, na kuhusu vijana kutii wazazi. Alimsifu Mama Atieno, na watu wakamshangilia kwa haki. Kisha akawaimbisha. Mwenyekiti alifunga kwa maombi marefu, na kabla ya amina akakumbuka jambo.

"Na yule jamaa wa manjano pale," akasema, "apewe maji aoge."

Hiyo ndiyo shukrani niliyopata Mukuru.

Watu walipopungua, Mama Atieno alipakua sahani ya mwisho, wali kidogo, maharagwe, sukuma, akaiweka mbele ya Ba. "Hapa kwangu anayegawa hatoki na njaa. Kula."

Wekesa na mimi tulitazamana. Sisi peke yetu ndio tuliojua. Ba aliitazama sahani ile, mikono ikiwa imelala mapajani, na mimi nikahesabu jinsi ya kumwokoa: niseme anaumwa, niseme amefunga. Wekesa alikuwa na mpango wake.

"Ba," akanong'ona, "hiyo naweza kukusaidia."

"Kaa," Ba akamwambia. Kisha akamgeukia Mama Atieno. "Ndani yake mna nyama?"

Mama Atieno alicheka mpaka akashika nguzo ya kibanda. "Nyama? Hapa? Ukiiona uniite."

Akachukua jagi, akammiminia Ba maji mikononi, kutoka juu, kama tunavyomnawisha mgeni yeyote. Niliona Ba anayatazama yale maji yanavyoanguka juu ya viganja vyake alivyovikinga. Alivitazama muda mrefu hata maji yakaisha, na Mama Atieno akadhani bibi amechoka. Akaweka jagi chini, akaishika mikono ile miwili ndani ya leso yake, akaikausha kidole kwa kidole kama ya mtoto.

"Haya. Kula, dada yangu."

Ba alikula. Tonge la kwanza alilinusa, la pili alilitazama tu, la tatu lilikwenda lenyewe. Aliimaliza sahani yote. Akafikiri.

"Maharagwe haya," akasema, "yanataka ndimu."

"Angalieni!" Mama Atieno akawaambia watu waliobaki. "Siku ya kwanza kazini, na tayari ananifundisha kupika!"

Kurudi, mawingu yalikuwa yametawanyika na Outer Ring ikiwaka jua. Tukafika Donholm. Hapo Ba akaanza kucheka, taratibu kwanza, halafu kwa sauti, akajifuta machozi kwa pembe ya sari yenye tope, akajipaka tope usoni, akacheka zaidi. "Mkono mfupi," alirudia. "Kuchota kama dawa!" Wekesa alijitetea kwamba hakupenda kushukuriwa, alilazimishwa, na kwamba zile asante zote amezibeba kwa niaba yetu. Ba akamwambia azishike vizuri, yeye hazihitaji.

Baba Dogo, Bwana Kanti alikuwa anatungoja getini. Alimwona mama yake peku, ana tope usoni, akashika kifua.

"Ba! Nini hiki? Mambo yalikwendaje? Walishukuru?"

"Hakuna aliyenishukuru," Ba akasema. "Hata mmoja."

"Hata mmoja?"

"Walinigombeza, Kanti! Walisema nina mkono mfupi!" Akampita, akaenda ndani akichechemea, na tukamsikia akicheka mpaka mlango ulipofungwa.

Bwana Kanti alitugeukia sisi, amewiva kwa hasira. "Ni watu gani hawa wasiokuwa na shukrani?" Nilimtazama Wekesa, Wekesa akatazama vifungo vya koti lake. Tukasema hatujui.

Kariobangi nilifika jioni, nikinuka dengu mtaa mzima. Mke wangu Ndunge alinipa maji na sabuni, akaketi nje ya bafu nikamsimulia kila kitu kupitia mlangoni: yale makundi manne, Mungu dereva, na jinsi mtu anavyotakiwa aifanye kazi yake na kuacha matunda. Mkiniuliza nyinyi nilijifunza nini, nitawajibu nilivyomjibu yeye. Nilimwambia nimeielewa sasa hiyo habari ya kutenda bila kutazamia asante, tena nimeielewa kabisa, kwa kuwa nimeiona kwa macho kwa yule bibi.

"Ni vizuri," Ndunge akasema. "Na wewe uliyeendesha, ukasukuma, ukamwagikiwa, hukushukuriwa?"

"Hapana."

"Na hukuumia?"

"Kidogo tu," nikasema.

Niliumia mpaka Jumatano.